Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Hita ya Sensa ya Oksijeni

Mashine ya fundi ikionyesha msimbo P0135, inachotaja ni mzunguko wa umeme unaopasha joto sensa ya oksijeni. Mzunguko huo una fyuzi, rilei, nyaya, soketi, hita yenyewe iliyomo ndani ya sensa, na swichi ndogo ndani ya kompyuta ya injini. Kimoja chochote kati ya hivyo kikikatika, msimbo unaweza kuwa ule ule. Hata hivyo, katika gereji nyingi za Nakuru mwenye gari huambiwa neno moja tu: sensa imekufa, tukanunue nyingine. Anatuma pesa Kirinyaga Road kule Nairobi, sensa inafika jioni na matatu, inafungwa, na kesho yake taa ya injini inawaka tena. Pesa haimrudii, kwa sababu maduka mengi ya spea hayapokei tena kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye gari.

Mwongozo huu ni wa mwenye Probox, Fielder, NZE, Demio au Note anayezunguka mjini Nakuru na vitongoji vyake, au anayepanda kila wiki kwenda Njoro, Molo, Subukia au Gilgil. Kazi yote ya kupima unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na multimita ya bei nafuu, balbu moja ndogo ya gari na asubuhi moja ya subira. Ukipenda kumwachia fundi, angalau utajua cha kumwuliza kabla hajataja bei.

Sensa hii imechomekwa kwenye bomba la ekzosi, ncha yake ikiwa ndani ya moshi. Kwenye ncha hiyo kuna kauri ya zirkonia inayolinganisha oksijeni iliyobaki katika moshi na ile ya hewa ya nje, halafu inatoa volti ndogo. Kompyuta huisoma volti hiyo ili iongeze au ipunguze petroli. Kauri ikiwa baridi haisemi lolote. Inahitaji joto la nyuzi 300 za Selsiasi au zaidi. Sensa za kwanza, zilizofungwa kwenye magari ya Volvo mwaka 1976, zilisubiri moshi uzipashe. Miaka ya 1980 zikaanza kutiwa hita ndogo ya umeme, na tangu hapo sensa huamka mapema baada ya injini kuwashwa badala ya kungoja dakika nyingi.

Huku kwetu Bonde la Ufa hita hiyo ina kazi kubwa kuliko kule pwani. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukifika Timboroa umepita mita 2,700. Hewa ya Nakuru ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Mombasa, kwa hiyo injini inataka petroli pungufu pia. Kompyuta hukadiria kiasi hicho kwa kupima hewa inayoingia, lakini marekebisho ya mwisho hutoka kwenye sensa ya oksijeni. Sensa ikiwa baridi, kompyuta hubaki na makadirio yake, na kwa kawaida huelekea upande wa kumwaga petroli zaidi. Mtu anayetoka Kiamunyi hadi katikati ya mji asubuhi ya Julai anaweza kuzima gari kabla moshi haujaipasha sensa vya kutosha. Akifanya hivyo kila siku, gari lake linakunywa mafuta na yeye hajui kwa nini.

Mteremko nao una yake. Ukishuka kutoka Timboroa kupitia Mau Summit hadi Salgaa huku umeachia kanyagio na gia ndiyo inayolishika gari, kompyuta hukata petroli na bomba la ekzosi hupoa. Sensa yenye hita nzima huendelea kukaa kwenye joto lake. Isiyo na hita inaweza kulala, hasa ile ya nyuma, kisha ukikanyaga tena chini kule injini inasitasita kidogo. Madereva wengi husingizia pampu ya petroli.

Dalili nyingine ni harufu ya petroli mbichi gari likiwashwa asubuhi, moshi wenye weusi na plagi zinazotoka na masizi. Mara nyingi hakuna dalili yoyote isipokuwa taa ya injini kwenye dashibodi. Hitilafu hii si ya dharura: unaweza kufika Nairobi na kurudi. Ila taa hiyo ikiwa inamweka-mweka huku injini ikitetemeka, hiyo ni hitilafu ya uwashaji kwenye silinda. Petroli isiyoungua inaingia kwenye katalitiki, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, na kuichoma. Hapo simama.

Kusoma msimbo vizuri

Kifaa kidogo cha ELM327 kinachoungana na simu kinatosha kwa magari mengi yaliyotengenezwa Japani kuanzia mwisho wa 2008. Kabla ya hapo baadhi ya magari ya soko la Japani yana soketi ya pini 16 lakini yanazungumza lugha yao wenyewe, na kifaa cha bei ya chini hakipati kitu. Kama una NZE au Toyota 110 ya zamani na simu inakuambia haijaunganishwa, usidhani kompyuta imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayozijua Toyota za Japani.

Sensa namba 1 ni ile iliyo kabla ya katalitiki, namba 2 ni ile ya baada yake. Injini ya silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja kwa kawaida ina upande mmoja tu, kwa hiyo misimbo utakayoiona ni P0030, P0031, P0032 na P0135 kwa sensa ya mbele, na P0036, P0037, P0038 na P0141 kwa ya nyuma. Ukiona P0050 au P0155, gari lina pande mbili, kama ilivyo kwa injini za V6.

Zingatia tofauti kati ya P0031 na P0032. Ya kwanza inasema umeme kwenye waya wa udhibiti, ule unaokwenda kwenye kompyuta, ni mdogo kuliko unaotarajiwa, na kwenye Toyota hilo mara nyingi huashiria mkatiko: hita imekatika, waya umekatika au umeme haufiki. Ya pili inasema umeme umezidi, na hapo shuku waya uliogusana na mwingine au hita iliyoungana ndani. P0037 na P0038 zinafuata mtindo huo huo kwa sensa ya nyuma. Na kama misimbo ya hita za sensa zote mbili imetokea kwa pamoja, usiguse sensa yoyote kwanza. Si kawaida hita mbili kufa siku moja. Kinacholisha zote mbili ndicho cha kutazamwa, yaani fyuzi au rilei. Kwenye Toyota nyingi umeme huo hupitia rilei ya EFI na fyuzi zake kwenye boksi lililo chini ya boneti.

Andika msimbo, ufute, kisha washa injini. Ukirudi papo hapo, tatizo ni la umeme na lipo muda wote. Ukirudi baada ya siku kadhaa au baada ya mvua tu, tafuta soketi inayoingiza maji au waya unaogusa na kuachia.

Tumia macho kabla ya multimita

Wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa ya kitaalamu, lakini hapa ndipo magari mengi ya huku hupona. Lala chini ya gari injini ikiwa imepoa. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara, na mawe kwenye magurudumu. Fuata waya wa sensa kutoka kwenye ekzosi hadi kwenye soketi yake. Klipu zake za plastiki hukatika kwenye barabara mbovu za mashambani, waya ukaning'inia na kulalia bomba la moto hadi ganda likayeyuka. Hapo ndipo fyuzi huungua.

Ukikuta fyuzi imeungua, badilisha kwa yenye ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusa bodi, na kazi yako ni kuutafuta. Kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au kwa fyuzi kubwa zaidi ni kualika moto kwenye nyaya zilizo karibu na petroli. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu bado linafanyika.

Tazama pia alama za meno. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi Njoro au Rongai baada ya mavuno hupata panya chini ya boneti, nao hupenda ganda la nyaya. Tazama kama kuna matope yaliyokauka ndani ya soketi. Udongo wa huku ni wa majivu ya volkano, vumbi lake ni laini na hupenya kila mahali. Uliza pia historia ya gari: je, liliwahi kulehemiwa ekzosi? Je, katalitiki yake bado ipo?

Hilo la katalitiki lastahili maneno zaidi. Madini ya thamani yaliyomo ndani yake, platinamu, paladiamu na rodiamu, yamefanya watu wengi waiuze, wengine bila kujua kwamba imeuzwa wakati gari likiwa gereji. Inakatwa, bomba tupu linalehemiwa mahali pake, na sensa ya nyuma inafungwa kwa waya pembeni ikiwa hewani, au nyaya zake zinakatwa kabisa. Zikikatwa, P0037 au P0141 hutokea, na hakuna sensa mpya itakayotibu nyaya zilizokatwa kwenye gari. Kabla ya kuliacha gari kwa kazi ya ekzosi, piga picha chini yake, na ukilifuata upige nyingine.

Kupima hita

Acha injini ipoe usiku kucha. Hita hupandisha ukinzani wake ikiwa na joto, kwa hiyo kipimo cha baada ya safari kitakudanganya. Zima swichi, chomoa soketi ya sensa, weka multimita kwenye omu. Gusisha ncha zake mbili kwanza uone inasoma ngapi. Kama ni 0.3, utaitoa hiyo kwenye kila jibu.

Sensa nyingi za siku hizi zina nyaya nne, na mbili zenye rangi moja ndizo za hita. Kwenye sensa za Denso, ambazo ni za kawaida kwenye Toyota, hita huwa na nyaya mbili nyeusi, ishara ni bluu na nyeupe ni ardhi ya ishara. Kwenye mtindo wa Bosch hita ni nyeupe mbili, ishara ni nyeusi na kijivu ni ardhi. Angalia upande wa sensa yenyewe. Nyaya za upande wa gari zina rangi nyingine kabisa.

Pima kati ya pini mbili za hita. Sensa ya kawaida ya Toyota, kwa mfano ile ya nyuma, husoma takriban omu 11 hadi 16 kwenye nyuzi 20. Aina nyingine zinaweza kusoma chini ya hapo, kuanzia omu 5. Sensa ya mbele ya Toyota nyingi za karne hii ni ya aina nyingine, inayopima uwiano wa hewa na petroli kwa upana zaidi, na hita yake husoma kama omu 1.8 hadi 3.4 tu. Usiitupe kwa kudhani imeungana. Multimita isiposoma kitu, hita imekatika; kilichotokea ni kama koili ya hita ya kuogea iliyokatika, na hakuna cha kutengeneza ndani yake. Kisha pima kati ya kila pini ya hita na chuma cha mwili wa sensa. Hapo jibu sahihi ni kutosoma kabisa. Ikisoma, umeme unavuja na sensa hiyo haifai.

Hita ikiwa nzima, geukia upande wa gari. Weka multimita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye pini ya soketi ya gari inayopeleka umeme kwa hita, na uwashe swichi. Magari mengine hutaka injini iwe inanguruma. Unatafuta volti zinazokaribia za betri. Lakini volti 12 kwenye multimita hazitoshi kuwa ushahidi. Waya uliobakiwa na nyuzi moja ya shaba, au pini yenye kutu, bado utapitisha volti 12 kwa multimita ambayo haivuti umeme wowote. Hita ya omu 13 inavuta karibu ampea moja, na ile ya omu 2.4 ikiwa baridi inaweza kuvuta hadi ampea 5 kwa muda mfupi. Waya mbovu huanguka hapo.

Kwa hiyo tumia balbu. Chukua ya wati 5, ile ya taa ndogo za pembeni, uifunge nyaya mbili, na uiunganishe kati ya pini mbili za hita kwenye soketi ya upande wa gari. Usitumie ya wati 21. Haina haja na inailemea bure swichi ya kompyuta. Washa injini. Balbu ikiwaka au ikipepesa, umeme unafika na kompyuta inafanya kazi yake ya kufunga na kufungua njia ya ardhi. Kwenye baadhi ya magari kompyuta huchelewesha hita hadi unyevu wa ekzosi ukauke, basi ipe dakika chache. Balbu isipowaka, hamishia waya wake mmoja kutoka pini ya udhibiti hadi kwenye hasi ya betri. Ikiwaka sasa, umeme upo na kinachokosekana ni njia ya kwenda kwenye kompyuta. Isipowaka bado, rudi kwenye fyuzi, rilei na waya wa umeme.

Njia ya kompyuta hupimwa betri ikiwa imefunguliwa: omu kutoka kwenye pini ya soketi hadi kwenye pini yake kwenye kompyuta, huku ukitikisa nyaya kwa mkono. Omu moja au pungufu ni sawa. Kompyuta ndiyo mtuhumiwa wa mwisho, na ikithibitika imeungua, jua kwanza nini kiliiunguza kabla ya kufunga nyingine. Mara nyingi ni ule ule waya uliolalia ekzosi.

Kutengeneza na kununua

Waya wa upande wa gari unaweza kuulehemu kwa risasi, ukauvika mpira wa kusinyaa kwa joto na kuufunga mbali na bomba. Nyaya za sensa yenyewe ni tofauti. Sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za nyaya hizo, na risasi ikimiminwa pale huziba njia hiyo. Tumia viungio vya kubana, na usipake grisi wala kupuliza dawa ya kusafishia ndani ya soketi ya sensa.

Kuna ujanja unaouzwa: kufunga kikinza cha omu 10 badala ya hita ili taa izime. Taa inaweza kuzima, lakini sensa inabaki baridi na petroli inaendelea kumwagika. Tena kikinza hicho, kikipewa volti 14 mfululizo, hutoa joto la karibu wati 20, la kutosha kuyeyusha plastiki kilipofungwa. Ukikuta kimoja kwenye gari ulilonunua, kitoe.

Kama kweli hita imekatika, nenda dukani na namba iliyoandikwa kwenye sensa ya zamani pamoja na multimita yako. Pima hita juu ya kaunta kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Hili ni la lazima kwa sensa zilizotumika kutoka Japani, ambazo hung'olewa pamoja na injini na huweza kuwa zimeangushwa au kukatwa nyaya. Soketi kuingia haina maana kwamba sensa ni sahihi: ya aina ya kawaida na ile ya uwiano wa hewa hazibadilishani, hata zikifanana kwa umbo. Kwa sensa ya mbele ningelipa zaidi ninunue mpya ya Denso au NTK. Ya nyuma, iliyotumika lakini iliyopimwa itafaa wengi.

Kung'oa ya zamani, pasha injini moto kiasi, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, na tumia spana namba 22 iliyo wazi upande mmoja ili waya upite. Toyota kadhaa za zamani hazina uzi kwenye sensa bali zimeshikwa kwa nati mbili. Sensa mpya ikiwa haina paka la kijivu kwenye uzi, paka kidogo lile la kuzuia kung'ang'ania linalostahimili joto, bila kugusa ncha. Kaza kama nyutoni-mita 40. Silikoni ya kuzibia isikaribie kabisa, kwani mvuke wake huiua kauri. Na usioshe chini ya gari kwa presha ya maji baridi mara tu unapotoka safari. Kauri ya moto ikipata maji hupasuka.

Baada ya kufunga, futa msimbo na uache gari lilale nje usiku mmoja. Asubuhi, kabla ya kuondoka, fungua programu ya simu kwenye ukurasa wa sensa. Ya kawaida ya mbele inapaswa kuanza kupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 ndani ya dakika moja au mbili, injini ikiwa bado haijapata joto lake. Ya uwiano wa hewa haichezi hivyo; itatulia karibu na lambda 1, yaani uwiano sahihi wa hewa na petroli. Ukiona namba imeganda hadi injini ichemke ndipo ianze kucheza, hita bado haipati umeme hata kama taa imezima, na utaanza tena kwenye ile balbu ya wati 5.